Koma mbili tu: je, unasema "wote" au "baadhi"?

Soma sentensi hizi mbili taratibu. Chukulia kwamba zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo chuoni, wiki moja kabla ya mitihani:

(1) Wanafunzi ambao hawajalipa ada hawataingia kwenye chumba cha mtihani.

(2) Wanafunzi, ambao hawajalipa ada, hawataingia kwenye chumba cha mtihani.

Maneno ni yale yale, na mpangilio wake ni ule ule. Tofauti ni koma mbili tu. Lakini ukisoma tangazo la kwanza na risiti ya ada iko mfukoni, unaendelea na safari yako bila wasiwasi. Tangazo la pili, ukilisoma kama lilivyoandikwa, linakugusa hata wewe mwenye risiti. Linasema wanafunzi hawataingia, basi. Halafu linaongeza, kwa taarifa tu, kwamba wanafunzi hao hawajalipa ada. Wote!

Wengi wetu tulifundishwa shule ya msingi kwamba koma ni mahali pa kupumzika kidogo wakati wa kusoma. Hilo si uongo, ila ni nusu ya habari. Katika sentensi kama hizi, koma hazipo kwa ajili ya mapafu yako. Zinabeba dai kuhusu idadi: unazungumzia wote, au baadhi? Leo tutaona dai hilo linavyofanya kazi, kwa nini ubongo wako unalisikia hata ukisoma kimya kimya, na namna ya kujua lini uweke koma na lini uache.

Kubainisha na kuongezea

Kwenye sentensi zote mbili, kipande "ambao hawajalipa ada" ni kishazi rejeshi. Kinarejea kwa "wanafunzi" na kusema jambo juu yao. Ila kishazi rejeshi kinaweza kufanya moja ya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kubainisha. Kuna kundi kubwa la wanafunzi, na kishazi kinachagua sehemu yake. Waliokumbuka hesabu za seti za sekondari watachora duara kubwa la wanafunzi wote, na ndani yake duara dogo la wasiolipa. Sentensi inahusu duara dogo peke yake. Maelezo ya aina hii ni ya lazima, kwa sababu ukiyaondoa, duara dogo linafutika na sentensi inabaki inasema juu ya duara kubwa zima. Haya hayawekewi koma.

Kazi ya pili ni kuongezea. Msomaji tayari anajua unamzungumzia nani, na wewe unampa habari ya pembeni. Hapa hakuna duara dogo. Kuna duara moja tu, na unalibandika lebo. Ukiyaondoa maelezo haya, sentensi inapoteza habari fulani, lakini bado inazungumzia watu wale wale. Haya ndiyo huzungushiwa koma, moja mwanzoni na moja mwishoni.

Kwenye makala hii tutayaita maelezo bainishi na maelezo ya ziada. Ukishashika tofauti hiyo, kanuni nzima ni fupi: bainishi, bila koma, ya ziada, kati ya koma mbili.

Mfano wa mbu

Mtu anaweza kusema, "Sawa, lakini msomaji si ataelewa tu kutokana na muktadha?" Kwenye tangazo la ada, ndiyo, ataelewa. Kila mtu anajua kwamba wapo waliolipa. Tatizo linakuja pale msomaji anapokusoma ili ajifunze jambo asilolijua. Hapo hana muktadha mwingine zaidi ya sentensi yako.

Angalia hizi:

(3) Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku.

(4) Mbu, ambao hueneza malaria, huuma zaidi usiku.

Sentensi ya (3) ni sahihi kisayansi. Malaria huenezwa na mbu jike wa jenasi ya Anopheles, na hao kwa kawaida huuma kati ya magharibi na alfajiri. Sentensi ya (4) ina makosa mawili kwa mpigo. Inadai mbu wote hueneza malaria, wakati duniani kuna zaidi ya spishi 3,000 za mbu na zinazoeneza malaria ni sehemu ndogo tu. Tena inadai mbu wote huuma zaidi usiku, wakati mbu wa jenasi ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, huuma mchana.

Hili si suala la kubishana kwa ajili ya ubishi. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, ikiwemo ya 2014 na 2019. Mtu aliyesoma sentensi ya (4) kwenye kipeperushi cha afya ataamini kwamba akishaingia kwenye chandarua usiku, habari ya mbu imekwisha. Hataona haja ya kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na ndoo nyuma ya nyumba, na huko ndiko Aedes huzaliana. Koma mbili zimemfundisha biolojia isiyo sahihi.

Kwa sisi tunaoandika ripoti za utafiti, hatari ni hiyo hiyo. Linganisha:

(5) Wagonjwa waliopata madhara waliacha kutumia dawa.

(6) Wagonjwa, waliopata madhara, waliacha kutumia dawa.

Ripoti ya (5) inasema kuna wagonjwa kadhaa waliopata madhara, na hao wakaacha. Ripoti ya (6) inasema wagonjwa wote wa utafiti walipata madhara na wote wakaacha. Kama ni dawa mpya, ya (6) ni habari ya kusimamisha utafiti mzima.

Jina "koma" lisikudanganye

Kwa Mswahili, neno hili lina mtego wake. Tunacho kitenzi "kukoma", yaani kuacha au kufika mwisho, na mtoto mtukutu huambiwa "Koma!" Ni rahisi kuamini kwamba alama hii imepata jina lake hapo, kwamba ni mahali pa kukoma. Sivyo. Jina limetufikia kutoka Ulaya, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kipande kilichokatwa. Wanaoiita "mkato" wako karibu zaidi na maana hiyo ya kale kuliko wanavyodhani.

Hata hivyo, kupumua kuna historia ya kweli. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, alibuni nukta za kuwekwa kwenye maandishi ili kumwonyesha msomaji asimame kidogo wapi na asimame zaidi wapi. Enzi hizo watu walisoma kwa sauti, na maandishi ya Kigiriki hayakuwa hata na nafasi kati ya maneno, kwa hiyo msaada huo ulihitajika sana. Umbo la koma tunalolijua leo, kile kimkia kinachoning'inia chini ya mstari, lilienezwa mwishoni mwa karne ya 15 na mchapishaji Aldus Manutius wa Venice. Kadiri vitabu vilivyochapwa kwa wingi na watu walivyozoea kusoma kimya kimya, kazi ya koma ilihama polepole kutoka kuongoza pumzi kwenda kuongoza maana.

Kiswahili kiliingia kwenye habari hii baadaye. Maandishi yetu ya kale kwa hati ya Kiarabu hayakuwa na koma hizi. Zilikuja pamoja na herufi za Kirumi, hasa karne ya 19, wakati wamisionari kama Johann Ludwig Krapf na Edward Steere walipoanza kuchapisha sarufi na tafsiri. Tukapokea alama, na pamoja nayo tukapokea kazi zake zote mbili, ile ya pumzi na ile ya maana. Ndiyo maana hadi leo zinagongana kichwani mwetu.

Ubongo unasikia koma

Je, kazi hizo mbili zina uhusiano wowote? Ndiyo, na hapa sayansi ya lugha ina jambo tamu la kutuambia.

Tamka sentensi ya (1) kwa sauti. Utaona "wanafunzi ambao hawajalipa ada" inatoka kwa mkupuo mmoja. Sasa tamka ya (2). Sauti inashuka au inakatika kidogo baada ya "wanafunzi", kipande cha katikati kinatoka kwa mkondo wake, mara nyingi kwa sauti ya chini kidogo, halafu sauti inarudi. Tunapoongea hatuhitaji koma kwa sababu kiimbo kinafanya kazi hiyo. Koma ni jaribio la kukiweka kiimbo hicho kwenye karatasi.

Mwaka 1999 watafiti Karsten Steinhauer, Kai Alter na Angela Friederici, huko Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza sentensi. Kila msikilizaji alipofika kwenye mpaka wa kiimbo, yaani pale sauti inapofunga kipande kimoja na kufungua kingine, vipimo vya kichwani vilionyesha wimbi chanya la umeme. Miaka miwili baadaye, Steinhauer na Friederici walionyesha kwamba wimbi la aina hiyo hutokea pia kwa mtu anayesoma kimya, pale macho yake yanapokutana na koma.

Sentensi zao hazikuwa za virejeshi kama zetu, lakini funzo linatuhusu moja kwa moja. Ukisoma kimya, bado kuna sauti inayosoma ndani ya kichwa, na koma inaiambia sauti hiyo ifunge kipande. Kwa hiyo ukiweka koma isiyohitajika, msomaji atafunga kipande mahali ambapo hapafungwi, na maana inageuka kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Majaribio manne ya haraka

Utajuaje kama maelezo yako ni bainishi au ya ziada? Jaribu haya.

*Jaribio la kwanza: yaondoe.* Futa maelezo, usome kilichobaki. Je, bado unazungumzia watu au vitu vile vile? "Mbu huuma zaidi usiku" inazungumzia mbu wote, wakati wewe ulitaka baadhi. Basi maelezo yale yalikuwa ya lazima, usiweke koma.

*Jaribio la pili: uliza "yupi?" au "wapi?"* Kama maelezo yanajibu swali hilo, ni bainishi. "Nipe kitabu." Kipi? "Kilicho juu ya meza." Basi: *Nipe kitabu kilicho juu ya meza.* Hakuna koma.

*Jaribio la tatu: chomeka "kwa taarifa yako".* Kama maneno hayo yanakaa vizuri mbele ya maelezo, hayo ni ya ziada. "Mlima Kilimanjaro, kwa taarifa yako una urefu wa mita 5,895, uko Tanzania." Yanakaa. Basi: *Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, uko Tanzania.*

*Jaribio la nne: angalia neno linalorejewa.* Baadhi ya maneno huamua yenyewe. Ukiona "kila", "yeyote", "wowote" au "hakuna", kishazi kinachofuata ni bainishi karibu siku zote. *Kila mwanafunzi aliyechelewa ataandika barua.* Huwezi kuweka koma hapo, kwa sababu "kila mwanafunzi" si mtu wala kundi maalumu unaloweza kuliongezea habari ya pembeni. "Yule" na "wale" nao mara nyingi huashiria kubainisha: *wale waliofaulu*, *yule aliyepiga simu jana*.

Upande wa pili ni majina ya pekee. Jina la mtu tayari limeshambainisha, kwa hiyo kinachofuata kwa kawaida ni cha ziada: *Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizaliwa Nyeri.* Ukizitoa koma hizo, msomaji anaanza kujiuliza kama kuna Wangari Maathai wengine ambao hawakupata tuzo.

Kaka yangu Juma, na kaka yangu, Juma

Kanuni hii haiishii kwenye vishazi. Inagusa pia maneno yanayokaa sambamba kumtaja mtu mmoja kwa njia mbili.

(7) Kaka yangu Juma anaishi Morogoro.

(8) Kaka yangu, Juma, anaishi Morogoro.

Ya (7) inaashiria kwamba nina kaka zaidi ya mmoja, na "Juma" linakuambia ni yupi. Ya (8) inaashiria kwamba nina kaka mmoja tu, na jina lake nimekupa kama nyongeza. Bila kusema idadi yoyote, umeshatoa sensa ya familia.

Kwa sababu hiyo hiyo tunaandika *mwandishi Shaaban Robert* bila koma, kwani waandishi ni wengi na jina linachagua mmoja. Lakini tunaandika *rais wa kwanza wa Tanzania, Julius Nyerere, alizaliwa Butiama*, kwani rais wa kwanza ni mmoja tu. Hakuna wa kuchaguliwa tena.

Koma yatima

Sasa tufike kwenye kosa ambalo pengine ndilo la kawaida kuliko yote katika Kiswahili cha kuandika. Utaliona kwenye magazeti, kwenye barua za ofisini na hata kwenye tasnifu:

(9) Wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule za bweni, wataripoti Jumatatu.

Koma hiyo inafanya nini? Si ya kufungua wala kufunga maelezo ya ziada, maana iko peke yake. Imesimama katikati ya kiima na kitenzi chake kikuu, imewatenganisha watu wawili wanaopaswa kushikana mikono. Nani wataripoti? Wanafunzi waliochaguliwa. Hakuna sababu ya kisarufi ya kukata hapo.

Inawekwa kwa sababu ya ile kazi ya kale ya koma. Kiima ni kirefu, mwandishi amechoka, anapumua. Na kweli, ukiisoma kwa sauti huenda ukavuta pumzi pale. Lakini si kila pumzi ina alama yake. Ukiona kiima kimekuwa kirefu hadi kinakutamanisha koma, usitie koma, punguza kiima au vunja sentensi: *Wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano wataripoti Jumatatu. Agizo hili linahusu shule za bweni.*

Jirani wa kosa hili ni koma iliyofunguliwa bila kufungwa: *Dodoma, mji mkuu wa Tanzania iko katikati ya nchi.* Koma za maelezo ya ziada ni kama mabano. Hakuna anayefungua mabano akaondoka. Ukifungua, funga: *Dodoma, mji mkuu wa Tanzania, iko katikati ya nchi.* Isipokuwa kama maelezo yanaishia mwisho wa sentensi, ambapo nukta hufunga kwa niaba ya koma.

Kosa la tatu ni mazoea ya kutia koma kabla ya kila "ambaye", "ambao" au "ambayo", kana kwamba neno hilo lina koma yake ya kuzaliwa nayo. Kuna lugha zenye utaratibu huo. Kijerumani, kwa mfano, kinadai koma kabla ya kila kishazi rejeshi, cha kubainisha na cha ziada. Matokeo yake ni kwamba Mjerumani hawezi kutumia koma kuonyesha tofauti tunayoijadili, inabidi ategemee muktadha. Sisi nafasi hiyo tunayo. Tukitia koma kabla ya kila "amba-", tunaitupa bure.

Koma iliyofika mezani kwa mamlaka

Kama bado unahisi haya ni mambo ya walimu wa lugha tu, sikiliza kisa hiki cha Kanada.

Mwaka 2002 kampuni ya Rogers, inayotoa huduma za kebo, iliingia mkataba na kampuni ya simu ya Aliant ili ipitishe nyaya zake kwenye maelfu ya nguzo mashariki mwa nchi hiyo. Kipengele cha muda wa mkataba, kwa maneno yetu na kwa kifupi, kilikuwa na umbo hili:

(10) Mkataba utadumu kwa miaka mitano, na baada ya hapo kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja.

Rogers waliamini miaka mitano ya kwanza haiguswi, na kwamba notisi ya kuvunja inahusu vile vipindi vya baadaye tu. Aliant wakatoa notisi kabla miaka mitano haijaisha. Ubishi ukafika kwa tume ya taifa inayosimamia mawasiliano.

Angalia koma mbili za (10). Zimezunguka maneno "na baada ya hapo kwa vipindi vya miaka mitano mitano", na kuyafanya yaonekane kama nyongeza. Yainue, na sentensi inabaki: *Mkataba utadumu kwa miaka mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja.* Yaani hata miaka mitano ya kwanza inaweza kuvunjwa! Kama koma ya pili isingekuwepo, sharti la notisi lingeshikamana na vipindi vya baadaye peke yake, kama Rogers walivyotaka.

Julai 2006 tume iliamua kwa kufuata kanuni za uakifishaji: koma ipo, kwa hiyo mkataba unaweza kuvunjwa wakati wowote kwa notisi ya mwaka mmoja. Vyombo vya habari vilikadiria hasara ya Rogers kuwa dola milioni 1 za Kanada au zaidi. Rogers hawakukubali. Kanada ina lugha rasmi mbili, na mkataba wa mfano uliotumika ulikuwepo pia kwa Kifaransa. Kwenye Kifaransa sentensi haikuwa na utata: notisi ilihusu vipindi vya baadaye tu. Mwaka 2007 tume ikabadili uamuzi wake kwa kufuata toleo la Kifaransa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, koma mbili zina nguvu ya kweli. La pili ni la busara zaidi: kama jambo ni zito, usiiachie koma peke yake mzigo wote. Andika upya. "Miaka mitano ya kwanza haiwezi kuvunjwa. Baada ya hapo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwaka mmoja." Sentensi mbili za namna hiyo hazihitaji tume. Na kwenye lile tangazo la ada, mwandishi makini angeandika "wale tu ambao hawajalipa ada", na hata koma ikidondoka kwa bahati mbaya, neno "tu" lingeokoa jahazi.

Mtego wa "kwa sababu"

Tofauti ya lazima na ziada inajitokeza pia mahali ambapo hakuna kirejeshi kabisa. Soma:

(11) Hakuacha kazi kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo.

Je, aliacha kazi au hakuacha? Sentensi inaruhusu yote mawili. Labda aliacha, ila sababu haikuwa mshahara, ilikuwa nyingine. Au hakuacha, na mshahara mdogo ndio uliomzuia, pengine hakuwa na akiba ya kuishi nayo akitafuta kazi nyingine. Weka koma:

(12) Hakuacha kazi, kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo.

Sasa habari kuu imefungwa pale kwenye "kazi": hakuacha. Sababu imekuja kama nyongeza. Bila koma, "kwa sababu" inaweza kuingia ndani ya kile kinachokanushwa. Kwa hiyo kila unapoandika kitenzi kikanushi kinachofuatwa na "kwa sababu", simama ujiulize unakanusha nini, tendo au sababu.

Jipime

Haya, kalamu mkononi. Sahihisha inayohitaji kusahihishwa, au eleza sentensi inaashiria nini.

a) Yeyote, atakayeegesha gari hapa, atatozwa faini.

b) Dada yangu anayeishi Mwanza amejifungua.

c) Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

d) Dawa, zilizopitwa na muda, zitupwe.

e) Sayari ambazo zina pete ziko mbali na Jua kuliko Mirihi.

Majibu. Kwenye (a) ondoa koma zote mbili, "yeyote" haipokei maelezo ya ziada. (b) iko sawa kama msemaji ana dada zaidi ya mmoja. Kama anaye mmoja tu, aandike *Dada yangu, anayeishi Mwanza, amejifungua*. Kwenye (c) koma imefunguliwa haikufungwa, weka nyingine baada ya 1948. (d) ni ya hatari: kama ilivyo, inaamuru dawa zote zitupwe. Ondoa koma. (e) ni sahihi bila koma, kwa sababu si sayari zote zenye pete. Ukitia koma, umezivika pete sayari zote, Dunia ikiwemo, na kuzihamishia mbali kuliko Mirihi.

Ukipata zote tano, hongera. Na ukikutana na tangazo, kipeperushi au ripoti yenye koma mbili zilizokaa vibaya, uliza swali moja tu: huyu mwandishi anasema wote, au baadhi?